Zimwi Tulilokwisha Kulijua: Miaka Saba kutoka Alien hadi Aliens

Mwaka 1985, nje ya karakana ya fundi Stan Winston huko California, mahali ambapo siku nyingine watu huegesha magari, winchi iliinua fremu iliyovikwa mifuko myeusi ya taka. Ndani ya fremu walikuwamo watu wawili waliobanana. Mikono yao minne ndiyo iliyokuwa mikono minne ya kiumbe: miwili mikubwa ya kukamatia, miwili midogo ya kifuani. Wengine walisimama pembeni wakivuta na kusukuma, na kamera ya video ikawa inarekodi. Ukiitazama video ile leo, mwanzoni unaona plastiki inapepea. Endelea kutazama. Mikono inanyooka, kichwa kinainama, na baada ya muda mfupi macho yanasahau mifuko. Yanaona kitu kirefu kupita mlango wa nyumba, kimegeuka kinakutazama wewe.

Jaribio lile lilithibitisha kwamba kiumbe ambacho James Cameron, mwongozaji Mkanada wa miaka thelathini hivi, alikuwa amekichora kwa mkono wake mwenyewe kinaweza kusimama mbele ya kamera. Mwaka uliofuata watazamaji walikutana nacho kikiwa kimekamilika: malkia wa mazimwi, urefu zaidi ya mita nne, katika filamu ya Aliens.

Mifuko ile ya taka ilikuwa sehemu ya jibu la swali ambalo limewashinda waongozaji wengi wenye fedha na vipaji. Mtu uliyemtisha jana, utamtishaje leo kwa kitu kilekile? Wazee wamesema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali inazungumzia zimwi linalotujua sisi. Filamu ya kutisha inayofika sehemu ya pili ina tabu ya upande wa pili: sisi ndio tunalijua zimwi. Tumekwisha kuona meno yake, tumejua linazaliwaje, tumeona linavyokufa. Mchekeshaji anaweza kurudia mzaha wake watu wakacheka tena, lakini hofu ikirudiwa inakuwa mazoea.

Ili kuelewa Cameron alikabidhiwa mzigo gani, lazima turudi nyuma kwenye ile ya kwanza.

Alien ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 25 Mei 1979. Aliyeiandika ni Dan O'Bannon, kutokana na hadithi aliyoibuni pamoja na Ronald Shusett, na aliyeiongoza ni Mwingereza Ridley Scott. Kisa chenyewe ni chembamba. Wafanyakazi saba wa chombo cha mizigo cha anga za mbali, Nostromo, wanaamshwa usingizini kabla ya wakati. Wanashuka kwenye sayari isiyo na watu, mmoja wao anarukiwa usoni na kidudu chenye vidole kama miguu ya buibui, na baadaye, wakiwa mezani wanakula na kucheka, kitu kinampasua kifua kutoka ndani. Kuanzia hapo kiumbe kinakua na kuwamaliza mmoja mmoja. Anayenusurika ni mwanamke mmoja, Ellen Ripley, aliyeigizwa na Sigourney Weaver, pamoja na paka.

Nguvu yote ya filamu ile ilikuwa katika kuficha. Umbo la kiumbe lilibuniwa na msanii wa Uswisi, H.R. Giger, ambaye michoro yake ilichanganya mfupa na bomba, ngozi na chuma, hata usijue kilicho hai kinaishia wapi. Scott alikuwa na busara ya kutokionyesha. Katika filamu ya karibu saa mbili, kiumbe kilichokomaa hakionekani hata dakika tano ukijumlisha. Unaona mkono, mate yanayodondoka, kichwa kirefu kikitoka gizani, basi. Akili ya mtazamaji inamalizia yaliyobaki, na akili haijui kubana matumizi.

Ndani ya vazi lile alikuwamo Mwafrika, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Bolaji Badejo, mzaliwa wa Lagos, alikuwa mwanafunzi wa sanaa ya michoro mjini London, kijana mwembamba mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Alionekana baa na mtu aliyekuwa akisaidia kutafuta waigizaji. Hakuwa amewahi kuigiza. Scott alitaka mwili ambao mtazamaji akiuona asiseme haraka kwamba humo ndani kuna mtu, na viungo virefu vya Badejo vilimpa kile ambacho hakuna fundi angeweza kukishona. Akapelekwa kujifunza tai chi na uigizaji wa bila maneno ili mwendo wake uwe wa taratibu na mgeni. Kwa sababu ya mkia hakuweza kuketi kitini, kwa hiyo akatengenezewa bembea ya kupumzikia. Hakuigiza filamu nyingine. Alirudi Nigeria, na mwaka 1992 akafariki kwa ugonjwa wa selimundu akiwa na miaka 39. Umbo lake limechapwa kwenye fulana na mabango dunia nzima, na wengi wanaozivaa hawajawahi kulisikia jina lake.

Alien ilijaza kumbi na kupata tuzo ya Oscar ya mbinu za picha. Kwa kawaida mafanikio kama hayo huzaa sehemu ya pili ndani ya miaka miwili. Hii haikuzaa. Uongozi wa 20th Century Fox ulibadilika, wakubwa wapya hawakuona haja, na watayarishaji wa filamu walivutana na studio kuhusu mgawo wa faida. Miaka ikapita. Leo nadhani ucheleweshaji ule ulikuwa baraka, maana kama sehemu ya pili ingetoka mwaka 1981, ingeandikwa na yeyote aliyepatikana, nayo ingekuwa Ripley yuleyule na kiumbe kilekile katika chombo kingine. Papa wa Jaws alikuwa amekwisha kurudishwa mwaka 1978 kuuma watu ufukwe uleule, na mwaka mmoja kabla yake Exorcist II ilijaribu kueleza kila kilichokuwa kimeachwa gizani, ikaishia kuua hofu yote ya filamu iliyoitangulia. Hizo ndizo njia mbili ambazo waandishi wengi huziona: kurudia au kueleza.

Cameron aliingia mwaka 1983 kupitia mlango wa nyuma. Alikuwa ameshawahi kuendesha lori, alijifunza ufundi wa filamu kwa kujenga vijimji na vyombo vidogo vya anga kwa bei ya chee, na filamu moja tu aliyokwisha kutia jina lake kama mwongozaji ilikuwa ya samaki wanaoruka na kuuma watu, ambayo hata yeye hakuimaliza kwa amani. Lakini mswada wake wa The Terminator ulikuwa unazunguka Hollywood, na watayarishaji David Giler na Walter Hill waliusoma wakaupenda. Wakampa wazo fupi kabisa: Ripley na askari. Hayo mengine ajaze mwenyewe.

Bahati ilikuwa upande wake. Arnold Schwarzenegger alikuwa amefungwa na mkataba wa filamu nyingine, kwa hiyo The Terminator ikabidi isubiri miezi kadhaa. Katika pengo hilo Cameron aliandika kama mtu anayefukuzwa: Aliens upande huu, sehemu ya pili ya Rambo upande ule, na huku akiendelea kuunyoosha mswada wa The Terminator. Amesimulia kwamba kila kazi aliipa meza yake ili akili isichanganye mambo. Studio ilisoma kurasa za Aliens alizokuwa amefikia na kuahidi kwamba The Terminator ikifanya vizuri, yeye ndiye atakayeiongoza Aliens. The Terminator ilitoka Oktoba 1984, ikafanya vizuri. Hollywood wanasimulia kwamba alipokwenda kujadili mradi na wakubwa aliandika ALIEN ubaoni, akaongeza S mwishoni, kisha akaipigia S mstari wima ikawa alama ya dola. Kama ni kisa cha kweli ama cha kutiwa chumvi, kinaeleza vizuri kilichowashawishi wakubwa. Hakielezi kilichoifanya filamu iwe nzuri.

Kilichoifanya iwe nzuri, kwa maoni yangu, kimo katika nusu saa ya mwanzo, ambamo hakuna zimwi hata moja isipokuwa ndotoni.

Ripley anaokotwa akielea angani. Anaambiwa amelala miaka 57. Anawaeleza waajiri wake yaliyotokea, nao wanamtazama kama mtu aliyechoma gari la kampuni halafu akasingizia jini. Leseni yake inafutwa. Anapata kazi ya kuendesha mashine za mizigo gatini. Usiku anaamka ameloa jasho, ameshika kifua. Na sayari ile aliyowaonya wasiikaribie, wanamjulisha, ina makazi ya watu tangu zamani: familia sitini, labda sabini. Uso wa Weaver anaposikia neno hilo, familia, ndio uliobeba filamu nzima. Hapo ndipo Cameron alipoona njia ya tatu. Hakuuliza zimwi limeongeza nini. Aliuliza aliyeponea chupuchupu amebaki na nini.

Tukisha kulielewa hilo, tabu ya kulijua zimwi inageuka kuwa mtaji. Sisi watazamaji tunajua. Ripley anajua. Askari waliotumwa naye hawajui, wanataniana, wanapigana vikumbo, wanamwona mama huyu ni mshauri tu wa kubebwa. Kila wanapofungua mlango tunataka kupiga kelele. Hofu ya mwaka 1979 ilikuwa ya mtu asiyejua nini kiko gizani. Hofu ya mwaka 1986 ni ya shahidi anayejua na hasikilizwi. Mtu yeyote aliyewahi kuonya ndugu zake juu ya jambo na kupuuzwa anaijua hofu hii kuliko ile ya meno.

Kuna sehemu moja iliyokatwa mwaka 1986 ili kupunguza urefu. Ripley ameketi kwenye benchi, anauliza habari za binti yake. Alimwacha mdogo, akamwahidi kwamba atakuwa amerudi kabla ya siku yake ya kutimiza miaka 11. Anapewa picha ya bibi kizee. Mtoto wake amefariki akiwa na miaka 66, mzee kuliko mama yake. Picha ile ilikuwa ya Elizabeth Inglis, mama mzazi wa Sigourney Weaver, naye mwigizaji wa zamani wa Uingereza. Weaver aliumia sana sehemu hiyo ilipoondolewa, na alikuwa na haki. Ilirudishwa katika toleo refu lililotoka kwa matumizi ya nyumbani miaka michache baadaye. Toleo hilo lina mambo ambayo ningeyaacha yabaki yamekatwa, hasa pale tunapoonyeshwa makazi yale kabla ya kuvamiwa, maana yanatuharibia ugeni wa kuingia na askari katika mji mtupu. Lakini bila benchi lile, mapenzi ya Ripley kwa mtoto Newt, mwokokaji pekee wa makazi, yanaonekana kama huruma tu. Ukishaliona, unajua ni deni.

Newt aliigizwa na Carrie Henn, mtoto wa miaka tisa wa mwanajeshi wa anga wa Marekani aliyekuwa kambini Uingereza. Alipatikana shuleni, hajawahi kusimama mbele ya kamera. Alipokua akawa mwalimu. Uso wake hautangulizi hofu. Anaongea juu ya mazimwi kama mtoto wa kijijini anavyoongea juu ya mamba wa mto, kwa sauti ya mtu anayejua saa za kuchota maji.

Swali jingine aliloliona Cameron lilikuwa ndani ya filamu ya kwanza yenyewe. Kwenye sayari ile isiyo na watu palikuwa na maelfu ya mayai ya kiumbe. Nani aliyataga? Scott alikuwa amepiga picha sehemu iliyoonyesha mwathiriwa akigeuzwa kuwa yai, lakini aliiondoa kabla ya filamu kutoka, kwa hiyo swali lilibaki wazi. Cameron alikwenda kwa wadudu. Msomaji wa huku kwetu hahitaji maelezo marefu. Aliyewahi kuvunja kichuguu na kuchimba mpaka chumba cha ndani amemwona malkia wa mchwa: kichwa kidogo, tumbo jeupe limevimba mara nyingi ya mwili, hawezi kujikokota, anataga yai baada ya yai huku askari wenye taya wakimzunguka. Ndivyo alivyo malkia wa Aliens, na kwa hilo Cameron hakuvunja kilichokuwapo. Alikiongezea ukoo. Zimwi lile la kwanza, ambalo tulidhani ndilo mwisho wa ubaya, kumbe lilikuwa askari wa kawaida tu wa kichuguu.

Na ukoo ukishakuwapo, kuna mama. Pale ambapo Ripley, Newt akiwa amemng'ang'ania shingoni, anakosea njia na kujikuta katikati ya mayai, Cameron anafanya jambo ambalo ningependa kila anayejifunza uandishi wa filamu alitazame akiwa amezima sauti. Mama wawili wanatazamana. Askari wawili wa kichuguu wanatokeza gizani. Ripley anaelekeza mdomo wa bunduki ya moto kwenye mayai, anapuliza ulimi mmoja wa moto hewani. Malkia anaelewa. Anawaashiria askari wake, nao wanarudi nyuma. Ni mapatano, hayana neno hata moja. Ripley anaanza kuondoka kinyumenyume. Kisha yai moja linafunguka karibu na mguu wake. Anamtazama malkia, anainamisha kichwa kidogo upande, na kuchoma vyote.

Askari nao hawakutoka hewani. Cameron amesema wazi kwamba aliwaza Vietnam: jeshi lenye zana kubwa kupita kiasi, lililojaa majigambo, likipigwa na adui asiye na zana bali mwenye nia na anayezijua njia za chini. Al Matthews, aliyeigiza sajini, alikuwa mwanajeshi kweli na alipigana Vietnam. Chombo chao kimeitwa Sulaco, jina la mji katika riwaya ya Joseph Conrad iitwayo Nostromo, kama kilivyoitwa chombo cha filamu ya kwanza. Conrad ndiye aliyepanda mto Kongo kwa meli mwaka 1890 na kuona kwa macho yake kampuni inavyoweza kula watu. Sidhani ni bahati nasibu kwamba katika filamu zote mbili anayewauza binadamu ni Kampuni, na zimwi halisi la Aliens ni bwana mwenye tabasamu na kola safi anayetaka vidudu vile vya kurukia usoni visafirishwe kwa sababu vina bei.

Kupiga picha kulianza Septemba 1985 katika studio za Pinewood, nje ya London, kwa bajeti ya dola milioni 18 hivi, kiasi kidogo kwa filamu iliyotakiwa kuonekana kubwa hivyo. Mafundi wa Kiingereza walimheshimu Scott, hawakumjua huyu kijana. Wengi wao walikuwa hawajaiona The Terminator. Yeye alitaka kazi isiyosimama, wao walikuwa na saa zao na mkokoteni wao wa chai. Mpigapicha mkuu wa kwanza aliondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na Adrian Biddle. Hata mwigizaji wa koplo Hicks alibadilishwa kazi ikiwa imeanza, akaletwa Michael Biehn. Gale Anne Hurd, mtayarishaji na wakati huo mkewe Cameron, alilazimika kuwaeleza watu zaidi ya mara moja kwamba yeye ndiye mkubwa hapo.

Uchache wa fedha ulizaa werevu. Vitanda vya usingizi vya askari vilijengwa vichache, vilivyobaki vikawa ni vioo. Mazimwi yanayoonekana kama jeshi zima yalikuwa mavazi machache yaliyovaliwa na wachezaji dansi na mafundi wa sarakasi: nguo nyeusi ya kubana mwili, vipande vya povu juu yake, basi. Kwa kuwa vazi jepesi linaruhusu mtu kuruka, Cameron aliwatundika, akawapindua, akawapiga picha wakitambaa ukutani, akawamulika kwa sekunde moja ndani ya mwanga wa risasi. Ile mashine ya kunyanyulia mizigo, jamaa ya foklifti, ambayo Ripley anaivaa mwishoni, ilikuwa na mtu mwenye nguvu aliyefichwa nyuma ya Weaver, akiitembeza.

Naye Weaver karibu asingekuwapo. Studio ilisita kumlipa, na Cameron amesimulia jinsi alivyoeneza kwa makusudi uvumi kwamba anaandika upya bila Ripley, ili habari ziwafikie waliohusika na mazungumzo yaharakishwe. Weaver alilipwa dola milioni moja, mara nyingi ya alizopata mwanzo. Hakuzipenda bunduki zote zile. Katika maisha yake alikuwa akiunga mkono udhibiti wa silaha. Nadhani kutopenda huko kunaonekana, na kunasaidia. Anaishika bunduki kama mtu anayeshika jembe la jirani.

Katika filamu ya dakika 137, saa nzima hivi inapita kabla mazimwi hayajashambulia. Cameron alijifunza kwa Scott kwamba kusubiri ndiko kunakotisha, ila kwa kuwa sura ya zimwi haikuwa siri tena, alikihamishia kitisho masikioni. Askari waliobaki wamejifungia chumbani, milango imechomelewa, taa nyekundu za dharura. Mmoja ameshika kifaa kinacholia kila kinapohisi mwendo; kitu kikikaribia, milio inabanana. Anasoma umbali kwa sauti. Namba zinashuka mita baada ya mita. Mlangoni hapatikisiki kitu. Zinashuka mpaka zinakuwa ndogo kuliko chumba chenyewe, na wenzake wanamwambia kifaa kimekosea. Hakijakosea. Kisha, taratibu, macho yanainuka kuelekea darini.

Mimi niliiona mara ya kwanza miaka ya tisini kwenye kibanda umiza, benchi za mbao, deki moja, kanda iliyochoka mpaka rangi zimekwenda bluu. Kwetu filamu ilikuwa na swali moja la kwanza: steringi nani? Maana steringi hafi, na ukishamjua unaweza kutulia. Vijana walimchagua sajini mwenye sigara nene. Akaenda na shambulio la kwanza. Wakamhamia mwingine, naye akaenda. Kufikia nusu hakuna aliyekuwa na uhakika tena, na kibanda kilichokuwa na kelele za soko kikanyamaza kiasi cha kusikia jenereta. Mwanamke asiye na cheo, ambaye dakika kumi za mwanzo waliuliza ametoka wapi, ndiye aliyetembea na ile foklifti kwenda kupigana na malkia, na watu wazima walisimama kwenye benchi. Nimeiona mara nyingi tangu hapo katika skrini safi. Zimwi halinishtui tena hata kidogo. Benchi la picha ya bibi kizee linanishtua kila mara.

Muziki ulikuwa wa mwisho kuingia na ulikuja kwa tabu. James Horner alifika London akitegemea filamu iliyokwisha kuhaririwa, akakuta bado inakatwa. Alikuwa na siku chache, okestra ya London Symphony, na mwongozaji aliyekuwa akibadilisha mambo mpaka dakika ya mwisho. Muziki wa kilele, wenye ngoma zile ambazo baadaye zilikopwa na matangazo mengi ya filamu nyingine, aliuandika usiku mmoja. Wawili hao waliachana vibaya, na hawakufanya kazi pamoja tena hadi Titanic ya mwaka 1997.

Aliens ilitoka Marekani tarehe 18 Julai 1986. Kabla mwezi haujaisha Weaver alikuwa kwenye jalada la jarida la Time. Mhakiki Roger Ebert aliisifu kwa ufundi huku akisema ilimwacha amechoka na mwenye moyo mzito, na sijui sifa gani kubwa zaidi filamu ya kutisha inaweza kupewa. Iliteuliwa kuwania Oscar 7, ikapata 2, za mbinu za picha na za uhariri wa milio. Uteuzi uliowashangaza watu ulikuwa wa Weaver kama mwigizaji bora wa kike. Katika filamu za mazimwi na vyombo vya anga hilo lilikuwa jambo la nadra mno, na lilitokea kwa sababu mtu fulani aliandika nusu saa ya huzuni kabla ya kuanza mbio.

Sehemu ya tatu ilikuja mwaka 1992. Majukwaa yalianza kujengwa mswada ukiwa haujakamilika, miswada ilikuwa imepita mikononi mwa waandishi wengi, na kijana David Fincher, ikiwa filamu yake ya kwanza, alikabidhiwa gari linaloteremka bila breki. Ina picha nzuri na nina upendo nayo kiasi. Lakini ilianza kwa kuwaua Hicks na Newt wakiwa usingizini, kabla hata mtazamaji hajakaa sawa. Watu hawakukasirika kwa sababu filamu ya kutisha iliua. Wanakuja kwa ajili hiyo. Walikasirika kwa sababu walikuwa wamemwona Ripley akimrudia mtoto yule ndani ya moto, lifti ikishuka, saa ikihesabu. Kilichomgharimu yote yale kikafutwa kwa mistari michache ya kumbukumbu za kompyuta. Fincher mwenyewe aliikataa filamu hiyo.

Kiota cha mazimwi katika Aliens hakikufutwa kirahisi hivyo. Hakikujengwa studio. Kilijengwa ndani ya kituo cha umeme cha Acton Lane, magharibi mwa London, kilichokuwa kimefungwa. Kwanza ilibidi kuondoa asbesto iliyojaa mle ndani, kisha mafundi wakafunika mabomba na kuta za chuma kwa mbavu, matundu na utando wa kugandisha watu. Kazi ilipokwisha, watu walizima taa wakaondoka bila kukibomoa. Baadaye kundi jingine la mafundi lilifika pale kutafuta mahali pa kupigia picha za kiwanda cha kemikali katika filamu ya Batman, iliyotoka mwaka 1989. Walipoingia ndani na kumulika, kiota kilikuwa bado kiko ukutani.